Maswali Saba na Lisiloulizwa

Kuanzia mwaka 2008, na kwa karibu miaka kumi iliyofuata, vijana wa Uingereza wa umri wa miaka kumi na sita na kumi na saba waliosoma taaluma ya vyombo vya habari chini ya baraza la mitihani la OCR walipewa kazi moja ambayo, kwa mtu anayeisikia mara ya kwanza, yaweza kufanana na mzaha: watunge na kupiga picha za ufunguzi wa filamu mpya ya kubuni, pamoja na majina ya watendaji wake, usizidi dakika mbili, na filamu yenyewe isiwepo. Hapana sehemu ya kati wala hapana mwisho. Muuaji hatakamatwa, mchumba aliyepotea hatarejea, na mlango ukifunguliwa katika sekunde ya mwisho, aliye nyuma yake hatajulikana hata Kiyama.

Kazi iliruhusiwa kufanywa na mtu mmoja peke yake au na kikundi kisichozidi watu wanne, na kwa kuwa ni taabu mtu kushika kamera na wakati huo huo kupita mbele yake akikimbia, aghalabu wanafunzi walijikusanya. Alama zilikuwa mia: ishirini za utafiti na matayarisho, sitini za filamu yenyewe, na ishirini za tafakuri iliyofanywa baada ya kazi kwisha. Picha na sauti zote sharti ziwe zao wenyewe, isipokuwa muziki na milio isiyodaiwa hakimiliki na mtu. Tafakuri nayo iliongozwa na maswali saba. Kijana aliulizwa kazi yake imezifuata, imezikuza au imezipinga vipi kanuni za filamu za kweli. Imeyaonyeshaje makundi mbalimbali ya watu katika jamii. Ni taasisi ya namna gani ingeweza kuisambaza, na kwa sababu gani. Hadhira yake ni nani. Aliivutaje hadhira hiyo. Amejifunza nini juu ya vyombo na mitambo. Na mwisho, akitazama nyuma kwenye zoezi la awali, amepiga hatua gani. Ni maswali mazuri, na ninayakubali yote. Lakini katika saba hayo hapana hata moja linalomwuliza kijana habari za wale watatu waliofanya kazi pamoja naye.

Rai yangu ni kwamba lililokuwa kubwa kuliko yote katika kazi ile ndilo lililoachwa bila kuulizwa, na kwamba ndugu zetu wa Afrika Mashariki, ambao sasa wanaanza kuitia filamu katika masomo yanayopimwa shuleni, wana fursa ya kuliuliza mapema, kabla hawajarithi ukimya wa watu wengine pamoja na silabasi zao.

Wako waliolaumu kazi yenyewe, wakisema kwamba kumfundisha mtoto kuanza asichokusudia kumaliza ni kumlea katika uvivu. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu siutoi mbali. Mwenye kuzisoma tenzi za kale za pwani yetu anajua kwamba dibaji ina dhima yake mahsusi, na kwamba mtunzi aliyeikosea dibaji amekwisha wapoteza wasikilizaji wake kabla ya kufika ubeti wa ishirini. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utenzi ule mashuhuri yapata mwaka 1858, alianza kwa kumwita mtoto aje karibu na vyombo vya kuandikia. Na kwa beti chache tu msikilizaji amekwisha jua ni nani anayesema, ni nani anayeambiwa, wako katika hali gani, na mambo yatanenwa kwa sauti ya namna gani, ijapokuwa nasaha zenyewe bado hazijaanza. Ufunguzi wa filamu una kazi iyo hiyo. Humfanyia mtazamaji ahadi, na ahadi haiwezi kutolewa na mtu asiyejua atalipa nini. Kwa hiyo wanafunzi wanne hawawezi kupatana juu ya dakika mbili za kwanza wasipopatana, japo kwa mazungumzo tu, juu ya dakika tisini ambazo hawatazipiga kamwe: nani amekufa, kwa nini, na yule mzee aliyeketi kituo cha basi anajua nini. Nimepata kuona funguzi ambazo dakika ya kwanza inaahidi mauaji na ya pili inaahidi mapenzi, na hapo huhitaji kuambiwa kwamba kikundi kilikuwa na waandishi wawili na kwamba hawakuwa wakisikilizana.

Kabla ya kazi hiyo palikuwa na zoezi la awali, ambalo elimu yake ilizidi udogo wake. Mtu afungue mlango, avuke chumba, aketi kitini mkabala na mwenziwe, wabadilishane maneno mawili matatu, basi. Katika kisa hicho kisicho na kisa ilipasa ionekane kwamba kitendo kilichoanza katika picha moja kinaendelea katika picha ya pili pasipo mruko, kwamba wasemaji wanaonyeshwa kwa zamu, huyu kisha yule, na kwamba kamera haivuki mstari wa kufikirika uliopita kati yao. Mstari huo hauonekani, wala hauchorwi sakafuni, lakini kamera ikiuvuka, watu wawili waliokuwa wakitazamana huonekana ghafula wakitazama upande mmoja, kana kwamba wote wanamngojea mtu wa tatu aliyechelewa. Mwanafunzi akiisha kuivunja kanuni hiyo mara moja na kuiona aibu yake kwenye kioo, haisahau tena. Na ni kanuni iliyo heri kufundishwa kwa fedheha ndogo namna hii kuliko kwa hotuba.

Sasa na tuangalie lililojificha ndani ya zoezi hilo. Watu ni wanne na wana macho manane, lakini kamera ni moja, ina jicho moja, na jicho hilo halina budi kusimama mahali pamoja. Ziko kazi za ushirika ambazo rai nyingi zaweza kukaa pamoja bila kudhuriana: katika kula kikoa, aliyepika wali leo hamzuii mwenziwe kupika ugali kesho. Kamera haina kesho ya namna hiyo. Ikiwekwa dirishani haikuwekwa mlangoni, na rai ya yule aliyetaka iwekwe mlangoni imekufa papo hapo, tena imekufa bila kaburi, kwa maana mtazamaji hataiona wala hatajua kwamba iliwahi kuwapo. Kila picha iliyomo katika dakika mbili zile inasimama juu ya picha nyingine tatu nne zilizoshindwa katika mashauri, na mashauri hayo, kwa vijana wa umri ule, hufanyika katika baridi, vidole vikiwa ganzi, kamera ikiwa ni ya kuazima, na jua la Desemba likizama kabla ya saa kumi za jioni.

Anayedhani kwamba magomvi ya namna hii ni ya watoto na atazame ufunguzi mmoja ambao walimu wa filamu duniani kote huwaonyesha wanafunzi wao, nao ni wa *Touch of Evil*, filamu ya Orson Welles iliyotoka mwaka 1958. Mikono inategesha bomu la saa. Bomu linatiwa katika buti la gari. Gari linaondoka na watu wawili wasiojua wanachokibeba. Kamera inapaa juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari na mara inaliacha ili imfuate bwana harusi na bibi harusi wanaotembea kwa miguu katika mji wa mpakani. Na kwa muda unaozidi dakika tatu picha haikatwi hata mara moja, hadi mlipuko unaposikika. Mpiga picha alikuwa Russell Metty, na mji ule wa mpaka wa Meksiko kwa hakika ulikuwa ni Venice ya California. Lakini kampuni ya Universal haikumwachia Welles filamu yake. Ilimwajiri mwongozaji mwingine apige picha za nyongeza, ikaikata upya, na juu ya ule ufunguzi ikayapanga majina ya watendaji na kuweka muziki wa Henry Mancini, ambao, nitasema bila kuona haya, mimi binafsi naupenda, ijapokuwa unamfunika mtu asisikie lolote la mji ule.

Welles alipoonyeshwa kazi hiyo aliandika waraka wa kurasa 58, kipengele baada ya kipengele, kwa adabu ambayo mtu mwenye hasira kama zake huipata kwa kujilazimisha, akieleza ni nini kimeharibiwa na ni vipi kingeweza kutengenezwa bila gharama kubwa. Wakubwa walichukua kidogo na kuacha kingi. Filamu ikatoka walivyotaka wao. Miaka kumi na mitatu baada ya Welles kufariki dunia, yaani mwaka 1998, mhariri Walter Murch aliukalia waraka ule na kuihariri filamu upya kwa kuufuata. Majina yakaondolewa katika ufunguzi na kupelekwa mwisho, na badala ya muziki mmoja unaotawala yote, mtazamaji akaanza kusikia muziki unaotoka katika redio ya gari na katika vilabu vya njiani, ukikaribia na kufifia kadiri gari linavyopita.

Kinachonishughulisha katika habari hii ni ule waraka zaidi ya ufundi wa picha. Lau Welles asingaliandika, tungalikuwa na filamu moja tu, na hakuna ambaye angalijua kwamba ndani yake kuna nyingine iliyoshindwa. Ule waraka ni tafakuri katika maana yake kamili: ni mtu aliyefanya kazi na wengine, akaeleza kwa majina na kwa mifano wao walifanya nini, yeye angalifanya nini, na hoja za pande zote mbili ni zipi. Hakuna mwalimu aliyemtaka auandike. Wanafunzi wetu, ambao walitakiwa kuandika, walielekezwa waandike mambo mengine.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wa kikundi cha wanne, nami nilikijua kisa chao kwa sababu sehemu yake ilipigwa nyumbani kwangu, nyumba hizi nyembamba za Uingereza zikiwa na ngazi na ukumbi ambao hauhitaji ufundi wowote ili utishe. Mmoja wao, kijana mpole asiyesema sana, alikesha na taa mbili na kipande cha nguo akitafuta namna ya kuufanya mwanga upite chini ya mlango na kutambaa juu ya zulia. Na alipofanikiwa, ikawa ni picha ambayo hata mimi niliyekuwa nikipita na kikombe cha chai nilisimama kuitazama. Picha hiyo haimo katika filamu yao. Binti aliyeshika uhariri aliiona kuwa inarefusha ukumbi hata hofu inalala usingizi, akaikata, na baada ya kuiona kazi nzima sina budi kusema kwamba alikuwa na haki. Bila ya picha ile dakika mbili zile zinakwenda kwa mwendo unaostahili. Lakini aliikata usiku, peke yake, na wenziwe wakaikuta imekatwa.

Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, ungekuwa wewe ungeiacha?" Nikamwambia hilo amwulize binti mwenyewe. Akanijibu kwamba kikundi hakisemezani.

Baadaye alinionyesha tafakuri yake kabla ya kuiwasilisha. Ilikuwa safi, imepangika, ina picha za kulinganisha filamu yao na za wakubwa, inaeleza kwa nini maandishi ya majina yao yalikwaruzwa kama yale aliyoyabuni Kyle Cooper kwa ajili ya *Se7en* ya mwaka 1995, ambayo kila kikundi cha vijana wanaopenda filamu za kutisha lazima kiige, na inataja hadhira yao kuwa ni ya miaka kumi na mitano na kuendelea. Habari ya ukumbi haikuwamo. Ukisoma kazi ile ungedhani filamu ilihaririwa na malaika. Sikumlaumu, maana swali halikuulizwa, na mtahiniwa mwenye akili hapotezi maneno kwa kisichopewa alama.

Jambo hili la nani amefanya nini lina mkanganyiko wake hata pale ambapo kila kitu kimeandikwa kwenye kioo kwa herufi kubwa. Katika ufunguzi wa wanafunzi majina ni manne na kazi ni kumi, hivyo yule yule aliyeandika ndiye mtengenezaji, ndiye mbuni wa mavazi, na ndiye pia maiti. Na magomvi ya nani atangulie huwa makali kuliko magomvi ya kisa. Wakubwa nao hawakusalimika. Saul Bass, aliyebuni majina ya mwanzo ya *Psycho* ya Hitchcock mwaka 1960, ile mistari inayokatiza kioo huku vinanda vya Bernard Herrmann vikipiga kama visu, alidai baadaye kwamba yeye ndiye aliyeongoza ile sini ya bafuni. Janet Leigh, aliyekuwa ndani ya bafu hilo, alikana. *Citizen Kane* ya mwaka 1941 ilipata tuzo moja tu ya Oscar, ya mswada, wakapewa Welles na Herman Mankiewicz kwa pamoja, na hadi leo wataalamu wanabishana ni kalamu ya yupi iliyoandika lipi. Walakini katika filamu iyo hiyo, mwishoni, liko jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa filamu alisimamishe kwenye kioo na kulieleza: jina la Welles kama mwongozaji limewekwa pamoja na jina la mpiga picha wake, Gregg Toland, katika karatasi moja. Welles alikuwa na miaka ishirini na mitano tu alipoitengeneza filamu hiyo, na kwa kiburi hakuwa maskini; lakini alijua macho aliyoyatumia ni ya nani, na akalisema hilo mahali ambapo halitafutika.

Mtaala wa Uingereza umekwisha geuka. Tangu silabasi mpya zilizoanza kufundishwa mwaka 2017, kazi ya vitendo katika somo lile inayotahiniwa ni ya mwanafunzi mmoja mmoja. Wengine wanaruhusiwa kumsaidia kwa kuigiza au kushika taa, lakini wao hawapimwi kwa kazi hiyo, na maamuzi ni yake peke yake. Naelewa kinachoweza kumfanya mtahini aupende utaratibu huu, kwani kugawa alama za kazi moja kwa watu wanne ni kazi ya kadhi, na si kila mwalimu ana kipaji cha ukadhi. Hata hivyo naona pamepotea kitu ambacho somo jingine shuleni halikirejeshi. Mwanafunzi wa sasa anayo kamera yake na rai yake. Akitaka dirishani, ni dirishani. Na anayeshika taa, hata kama ameona ubaya wa dirisha, hana sababu ya kusema, maana si chake. Filamu haitengenezwi hivyo popote duniani. Hakuna ajira katika fani hiyo ambayo mtu ataingia na akaachwa aamue pekee, isipokuwa awe ndiye anayelipa.

Nchini Kenya mambo yanakwenda upande mwingine, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Tamasha la taifa la maigizo la shule na vyuo limeipokea filamu kama utanzu mmojawapo, na katika mtaala mpya wa umilisi, mwanafunzi wa sekondari ya juu anayefuata njia ya sanaa na michezo anaweza kuchukua somo la maigizo na filamu. Watunga mitihani watatafuta mifano, na mifano iliyo karibu, iliyopangwa vizuri, yenye majedwali ya alama, ni ya Waingereza. Hasha, sisemi waikatae. Zoezi la mtu anayefungua mlango na kuketi ningelichukua jinsi lilivyo, na ufunguzi wa dakika mbili vile vile, tena kwa kikundi. Maswali saba ningeyachukua matano, maana lile la wasambazaji na lile la kuivuta hadhira huwafanya vijana waandike kama maafisa wa mauzo wa kampuni isiyokuwapo.

Nafasi hizo ningezijaza kwa swali moja. Kila mwanafunzi ataje uamuzi mmoja aliokuwa akiupinga na ambao kikundi kiliufuata; aeleze hoja ya wenziwe kwa nguvu zake zote, kama wangalivyoieleza wao, kisha aeleze yake; na aseme, baada ya kuiona filamu imekwisha, ni ipi iliyostahili kushinda. Ukurasa huo uandikwe kila mtu faraghani, lakini kabla ya kumfikia mwalimu usomwe mbele ya wale wengine watatu, ambao wataruhusiwa kuandika chini yake mistari michache ya kukubali au kukanusha. Najua watakaosema kwamba vijana wataongopa, au watapatana mapema wasigusane, au kwamba yule mpole aliyekesha na taa ataandika kuwa hakuwa na la kupinga. Yamkini wengine watafanya hivyo. Lakini ukurasa wa uongo unaosomwa mbele ya watu watatu waliokuwapo ni kitu kigumu kuliko ule unaosomwa na mtahini asiyekuwapo, na mistari ya chini yake humwambia mwalimu mengi hata inapokuwa mitupu.

Kuhusu upimaji, alama kumi katika mia zingetosha. Ningezitoa katika zile sitini za filamu yenyewe, kwa maana bado sijakutana na mtahini aliyeweza kunieleza kwa ufasaha tofauti iliyopo kati ya ufunguzi wa alama arobaini na mbili na ule wa arobaini na tatu.